Unataka kazi ya data? Anza na visima vya kwenu

Juzi kijana mmoja aliyemaliza chuo hapa Dodoma ameniandikia: "Shikamoo kaka. Nina vyeti kumi na kimoja vya kozi za mtandaoni, sayansi ya data na akili mnemba. Natuma maombi tangu mwaka jana, hata usaili sijaitwa. Nakosea wapi?" Akaambatanisha kazi zake tatu: abiria wa meli ya Titanic, bei za nyumba za Boston na maua ya iris.

Mdogo wangu, kazi zako hazina kosa, na ndiyo maana inaniuma. Umezifanya sawasawa, lakini data hizo tatu zimeshasafishwa na kuchambuliwa na maelfu ya watu kabla yako. Ile ya Boston hata scikit-learn, maktaba ya Python ya kufunza modeli, wenyewe waliiondoa kuanzia toleo la 1.2. Mtu anayeajiri pale Mtumba, kwenye mji wa Serikali, akizisoma haoni kama unaweza kupewa faili chafu la wilaya siku ya Jumatatu na kurudisha jibu la kuaminika Ijumaa. Hicho ndicho anachotafuta, na cheti hakimwonyeshi hicho.

Weka kozi pembeni kwa miezi mitatu. Nenda kwenye DrivenData, tovuti ya mashindano ya data, fungua akaunti, pakua data ya vituo vya kuchotea maji vya Tanzania. Ilitokana na Taarifa (jukwaa la kuripoti matatizo ya miundombinu) pamoja na Wizara yetu ya Maji, na vipimo vyake vingi ni vya kati ya 2011 na 2013. Ina vituo 59,400 vya kujifunzia, na kila kimoja kina hali yake: 32,259 vinafanya kazi, 22,824 havifanyi kazi, na 4,317 vinafanya kazi lakini vinahitaji ukarabati. Safu ni kama arobaini: mkoa, kata, mfadhili, fundi aliyejenga, aina ya pampu, ubora wa maji, namna watu wanavyolipa. Faili kubwa kuliko yote ni takriban MB 20, kwa hiyo halitakumalizia bando.

Kabla ya kuandika neno "modeli" popote, yaani programu inayojifunza kwenye data ili ibashiri hali ya kituo, tafuta sifuri. Piga describe() ya pandas, maktaba ya Python ya majedwali, kwenye safu ya construction_year utaona wastani wa mwaka wa ujenzi ni 1300. Hakuna pampu iliyojengwa mwaka 1300. Vituo zaidi ya 20,000 vimeandikwa mwaka 0 kwa sababu mwaka haukujulikana au haukujazwa. Safu ya gps_height, yaani mwinuko, nayo ina sifuri zaidi ya 20,000. Mji wa Dodoma uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, hivyo kituo chochote cha Chamwino au Bahi chenye mwinuko 0 hakikupimwa. Vituo 1,800 hivi vina longitudo 0, maana yake vimechorwa baharini, kwenye Atlantiki. Latitudo zao ndizo zinazokamata wengi, kwa sababu si sifuri kamili, ni -0.00000002, na ukichuja kwa "sawa na 0" zinakupita.

Zigeuze zote ziwe thamani iliyokosekana, usiziache kama namba. Kisha ongeza safu mpya inayosema mwaka ulikosekana au haukukosekana, kwa kuwa kukosekana kwenyewe ni habari: kunaelekeza mikoa na timu zilizokusanya kwa namna tofauti. Mwinuko unaweza kuupata upya kutoka data huria ya SRTM (vipimo vya mwinuko wa ardhi vilivyopigwa kutoka angani) ukiwa na longitudo na latitudo sahihi. Mwaka wa ujenzi huwezi kuupata, na hapo inabidi ukubali.

Sasa njoo kwenye safu ambayo ningependa uikalie wiki nzima: wpt_name, jina la kituo. Ina majina tofauti zaidi ya 37,000, na wachambuzi wengi wa nje huifuta mara moja kwa sababu kwao ni takataka. Wewe isome. Majina yanayojirudia kuliko yote, ukiacha "none", ni Shuleni, Zahanati, Msikitini, Kanisani, Sokoni, Ofisini, na mengine mengi yanaanza na "Kwa" likifuatiwa na jina la mtu. Mtu aliyekulia hapa anajua papo hapo kwamba kituo cha shuleni kina mwalimu mkuu na kamati, cha msikitini kina waumini wanaochanga, na cha "Kwa" fulani kimesimama karibu na mji wa mtu ambaye huenda ndiye mwenye ufunguo. Tengeneza safu mpya yenye makundi sita au saba kutokana na maneno hayo, kisha hesabu ni vingapi vinafanya kazi katika kila kundi. Usiniambie matokeo mapema, yatafute. Kiswahili chako hapo ni ujuzi wa kazi kamili, na hakuna kozi iliyokufundisha kukitumia.

Ila mazoea ya nyumbani nayo yana mtego wake. Kuna safu inaitwa amount_tsh. Kila Mtanzania akiiona anasoma shilingi, na nimesoma ripoti nyingi zilizoandika "gharama ya kituo kwa shilingi". Si shilingi. Kwenye maelezo ya data, tsh ni kifupi cha "total static head", neno la wahandisi wa maji linalohusu kimo cha maji. Maelezo ya safu husomwa kabla ya data, na husomwa hadi mwisho.

Majina ya wafadhili na mafundi yatakuchosha, na yanapaswa kukuchosha. Serikali peke yake imeandikwa kwa namna nyingi, kuanzia "Gover" hadi "Government Of Tanzania". Kuna DANIDA na kuna DANID. Badili yote yawe herufi ndogo, ondoa nafasi za pembeni, andika kamusi ndogo ya marekebisho kwa mkono, halafu kila jina linalotokea chini ya mara 100 liweke kwenye kundi la "wengine". Usipofanya hivyo, ukigeuza majina kuwa safu za 0 na 1 utapata safu zaidi ya elfu nne, na laptopu ya GB 4 inaweza kuganda.

Kwenye modeli yenyewe sitakaa sana. Tumia RandomForestClassifier ya scikit-learn, inayobashiri kwa kura za miti mingi ya maamuzi, miti 300, weka random_state ili matokeo yajirudie, utafika karibu na asilimia 80 ya usahihi bila taabu. Wengi hupiga picha ya namba hiyo na kuibandika LinkedIn. Kwanza jiulize, mtu asiyejua lolote, akisema tu "kinafanya kazi" kwa kila kituo, angepata ngapi? Asilimia 54. Kisha fungua classification_report, ripoti ya usahihi kwa kila kundi, uangalie lile kundi dogo la vinavyohitaji ukarabati, ambalo ni asilimia 7 tu ya vituo vyote. Utakuta modeli yako inakamata takriban theluthi moja yake, vingine vingi inavipitisha kama vizima. Mhandisi wa wilaya anavitaka hivyo kuliko vyote! Pampu inayovuja leo inaweza kupona kwa kubadilishiwa mipira na fimbo. Ikiachwa hadi ife, inakuwa mradi wa kuombewa bajeti. Jaribu class_weight='balanced', inayolipa kundi dogo uzito zaidi, utakamata vingi zaidi na utatoa kengele nyingi za uongo. Andika wazi umepata nini na umepoteza nini.

Angalia pia modeli inaegemea nini. Safu ya quantity, yaani kiasi cha maji, itapanda juu, kwa sababu karibu vituo vyote vilivyoandikwa vikavu havifanyi kazi. Usiuwasilishe huo kama ugunduzi, hata mtoto anayebeba ndoo anaujua. Iondoe safu hiyo, funza upya, uone nini kinabaki. Ukiwa na date_recorded, tarehe kituo kilipoandikwa, toa mwezi. Kwetu katikati ya nchi mvua ni msimu mmoja, Desemba hadi Aprili, na kituo kilichotembelewa Machi hakilingani na kilichotembelewa Oktoba hata kama ni visima pacha.

Kosa kubwa zaidi, ambalo hata wenye shahada ya pili hulifanya, ni kugawa data ya kufunzia na ya kupimia kwa kubahatisha. Vituo vitano vya kijiji kimoja vilijengwa na fundi mmoja, mwaka mmoja, pampu za aina moja. Ukigawa ovyo, vitatu vinaingia kwenye kufunzia na viwili kwenye kupima, modeli inakariri kijiji na wewe unadhani imejifunza. Tumia GroupKFold, inayoweka kundi zima upande mmoja, kundi liwe wilaya, yaani safu ya lga. Au fanya jambo gumu zaidi: ondoa Dodoma na Singida zote, funza kwa mikoa mingine, pima kwa hizo mbili. Usahihi utashuka. Namba iliyoshuka ndiyo ya kuandika kwenye ripoti, kwa sababu ndiyo atakayokutana nayo mtu atakayeitumia kwenye wilaya mpya.

Ukitaka kuunganisha na idadi ya watu ya sensa ya 2022, kumbuka data hii ina mikoa 21. Geita, Katavi, Njombe, Simiyu na Songwe haimo, na vituo vya Njombe utavikuta chini ya Iringa. Ukiunganisha kwa jina la mkoa bila kulishughulikia hilo, namba zitakaa vizuri kabisa kwenye jedwali na zitakuwa za uongo. Hakuna ujumbe mwekundu wa kosa utakaokuonya.

SQL, lugha ya kuiuliza hifadhidata, usiiruke. Najua haina mvuto kama akili mnemba, lakini kwenye tangazo la Mtakwimu au Afisa TEHAMA katika Ajira Portal, au la mtu wa ufuatiliaji na tathmini kwenye mashirika, data iko kwenye hifadhidata na wewe ndiye utakayeitoa. Python inakuja na sqlite3 ndani yake, huhitaji kusakinisha chochote. Ingiza faili hizo, kisha jibu swali kama hili: ni kata zipi zenye vituo zaidi ya 10 ambamo zaidi ya nusu havifanyi kazi? GROUP BY ward, yaani kupanga kwa jina la kata, peke yake itakudanganya, kwa sababu kata inayoitwa Majengo iko katika miji mingi. Panga kwa mkoa, wilaya na kata kwa pamoja. Na kila unapofanya JOIN, yaani kuunganisha majedwali, hesabu mistari kabla na baada. Ukiunganisha na jedwali la ukarabati, kituo kilichokarabatiwa mara tatu kitatokea mara tatu, na jumla yako itavimba.

Programu za akili mnemba zinazoandika msimbo zitumie, sikukatazi. Ila ukiziomba zisafishe data hii, mara nyingi zitaziba mapengo kwa fillna(0), yaani kuandika 0 palipo wazi, na utakuwa umerudisha ile sifuri uliyotumia siku nzima kuitoa. Mstari usioweza kuueleza kwa mdomo usiuache kwenye kazi yako. Kwenye usaili utaulizwa huo huo.

Vifaa: laptopu ya mtumba yenye GB 8 na diski ya SSD inatosha, na kwa kazi hii huhitaji kadi ya michoro. Kama huna, tumia Google Colab, inayoendesha Python kwenye kivinjari, lakini faili ulizopakia hupotea kikao kikikatika, na hukatika. Hifadhi kwenye Google Drive kila unapomaliza hatua, hasa umeme wa mtaani kwenu ukiwa wa kuja na kuondoka. Kwa simu unaweza kusoma. Kazi yenyewe usijaribu kuifanya kwa simu.

Kabla ya kumtumia mtu yeyote, anzisha daftari la msimbo (notebook) upya na uliendeshe lote kutoka juu hadi chini. Kazi nyingi zinakufa hapo: kisanduku cha 14 kinategemea kitu ulichokifuta kwenye cha 9, au njia ya faili inaanza na C:\Users na jina lako. Orodhesha matoleo ya maktaba ulizotumia. Kisha andika ukurasa mmoja kwa Kiswahili, mmoja tu, kama unamwandikia mhandisi wa RUWASA, wakala wa maji vijijini, ambaye ana gari moja na mafuta ya wiki: vituo gani aanze navyo, unavisema kwa uhakika kiasi gani, na wapi modeli yako haiaminiki. Ramani moja, jedwali moja. Data ni ya zaidi ya miaka kumi iliyopita, kwa hiyo sema waziwazi kwamba unaonyesha njia, hutoi orodha ya leo.

Ukija kukusanya data yako mwenyewe, labda bei za mahindi pale Kibaigwa au mavuno ya zabibu, majina na namba za simu za watu usiziweke GitHub, tovuti ya kuweka msimbo hadharani. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na Tume yake ipo. Badili jina liwe namba isiyomtambulisha mtu, na orodha ya nani ni namba ipi ibaki kwako.

Masaa kumi kwa wiki yanatosha: wiki nne kwenye usafi, mbili kwenye SQL, tatu kwenye modeli na upimaji, tatu kwenye maandishi. Ukikwama niandikie tena, ila usiniandikie "imegoma". Niwekee ujumbe wote wa kosa kuanzia mstari wa kwanza, mistari mitano ya data yako, na ulichotarajia kukiona. Nikijibu, tutaanzia kwenye makundi yako ya Shuleni na Zahanati.