Ukienda Hardwick Hall usikimbilie mlangoni

Wengi ninaowapeleka Hardwick Hall, lile jumba la zamani kule Derbyshire, Uingereza, wakishuka tu kwenye gari ni moja kwa moja mlangoni, wanapiga picha vitanda vya zamani, wanatoka wanasema haya tumeona twende. Mi nasema simama kwanza nje uangalie madirisha.

Ya chini mafupi, ya kati yamezidi kidogo, ya juu kabisa ndo marefu kuliko yote. Chini walikuwa wafanyakazi na jiko, kati anaishi mwenyewe Bess wa Hardwick, mama tajiri aliyeijenga, na watu wake, juu ni vyumba vya kupokelea wakubwa, hata Malkia Elizabeth wa Kwanza angekuja (hakuja!). Nyumba imejengwa 1590 hadi 1597, wakati huo kioo bei yake si mchezo, kwa hiyo kuta kujaa vioo namna ile ni mtu anakuonyesha hela zake, na usije ukasahau ni za nani kaweka herufi zake ES (Elizabeth Shrewsbury, ndo Bess huyohuyo) juu ya minara, zinasomeka kutoka mbali.

Sasa jiulize, kama ukuta wa nje ni vioo vitupu moshi unapita wapi? Hapo ndo namkubali Robert Smythson, fundi anayetajwa kuwa ndiye aliyeichora, maana dohani nyingi kazificha kwenye kuta za ndani ili nje abaki huru. Af kuna madirisha ya uongo, ukiwa nje unayaona kabisa ila ukiingia huyapati, nyuma yake ni ukuta. Wape watoto kazi ya kuyatafuta, watatulia.

Ndani usianze na fanicha, fuata ngazi za mawe, zinazunguka taratibu na mwanga unaongezeka mpaka unatokea ukumbi wa juu wenye msitu wa plasta uliopakwa rangi, Diana, mungu wa kike wa uwindaji wa Warumi, na wanyama wake kuzunguka kuta zote. Mgeni wa zamani alipelekwa hivyohivyo, achoke kidogo ndo ashangae. Ila mapazia mara nyingi wanayashusha jua lisile vitambaa vya ukutani, kwa hiyo nyumba ya vioo unaweza kuikuta gizagiza, subiri macho yazoee.

Pembeni kuna gofu la Hardwick Old Hall, nalo la Bess huyohuyo, lilikuwa bado halijaisha akaanza hii mpya. Ukiwa na muda pita na huko, na jaketi usiliache kwenye gari, pale kilimani upepo hauna adabu.