Toyota IST inapiga stata lakini haiwaki

Mkuu umesema jana uliosha injini ya IST yako na sasa haiwaki, ila stata inazungusha injini kwa nguvu ileile ya siku zote, basi habari za betri achana nazo na usikubali fundi akuuzie stata. Hapo unakosa mafuta au moto wa plagi. Hakikisha kwanza tanki lina petroli, geji hizi zinadanganya sana. Kama ina ile taa ya ufunguo kwenye dashibodi na bado inawakawaka ukiweka swichi on, gari haiutambui ufunguo, jaribu wa spea.

Ikigoma piga stata kidogo kisha toa plagi moja uiangalie. Imelowa petroli? Basi shida ni moto, ila IST kila silinda ina koili yake (ndiyo inatengeneza moto wa plagi) so zote nne kufa siku moja ni ngumu, anza na fyuzi na soketi za waya, si umesema jana uliosha injini. Plagi ikiwa kavu, mafuta hayafiki, na watu watakwambia weka swichi on usikilize pampu ikiunguruma, kwa Toyota nyingi za hivi hiyo haikusaidii maana kompyuta inawasha pampu pale tu inapoona injini inazunguka, na inaona kupitia sensa ya krenki (shafti kuu ya injini). Sensa hiyo ikifa mafuta na moto vyote vinakata! Piga stata huku mashine ya kusoma kodi za hitilafu imechomekwa, rpm (mizunguko ya injini kwa dakika) ikibaki sifuri au ikatokea kodi P0335 (hitilafu ya sensa ya krenki), anza na sensa hiyo na waya zake kabla hujanunua pampu.

Na usiikamue stata mfululizo, sekunde 10 zinatosha, ipumzishe.