Mwalimu agombee, lakini kwanza atazame kalenda

Swali lenu la wiki lilikuwa hili: mwalimu wa shule ya umma Marekani akitaka kiti katika bunge la jimbo lake, aanzie wapi, na je, ni lazima aache kazi?

Kugombea, kwa kawaida haachi. Kushinda ndiko kwenye mtego, na mtego wenyewe hutofautiana jimbo kwa jimbo. Msomaji wa Kenya ataona mambo yamepinduliwa, maana kwao Sheria ya Uchaguzi, kifungu cha 43, humtaka mtumishi wa umma ajiuzulu miezi 6 kabla ya kura: kwa uchaguzi wa tarehe 9 Agosti 2022, mwisho ulikuwa tarehe 9 Februari. Marekani mwalimu hushika chaki asubuhi na kubisha hodi milangoni jioni, hadi siku yenyewe ya kura. Hata Hatch Act, sheria ya shirikisho inayowabana watumishi wa umma wasiingie siasa, imewaacha nje waajiriwa wa taasisi za elimu. (Neno jimbo hapa ni Texas, Maine na wenzao. Kile kipande anachowakilisha mtu mmoja nitakiita eneo bunge, tusije tukachanganyikiwa.)

Kwa hiyo karatasi ya kwanza kuisoma ni kalenda ya bunge, fomu ya kugombea itafuata. Bunge la Oklahoma hufunguliwa Jumatatu ya kwanza ya Februari na kufungwa Ijumaa ya mwisho ya Mei, yaani muhula mzima wa pili wa shule. Huko mwalimu wa shule ya umma akishinda huacha kazi. Isitoshe, katiba ya Oklahoma inamkataza mbunge kunufaika na mkataba uliotokana na sheria iliyopitishwa akiwa bungeni, na katazo hilo linaendelea miaka 2 baada ya kipindi chake kwisha. Mishahara ya walimu hutoka katika bajeti ambayo bunge hilohilo hupitisha. Mwalimu anayejiambia kwamba akichoka na siasa atarudi darasani mwaka unaofuata, ampelekee mwanasheria kifungu hicho kabla ya kujaza fomu, si baada ya kuapishwa.

Virginia ni habari nyingine. Bunge huanza Jumatano ya pili ya Januari, na kikao ni siku 60 katika mwaka shufwa na 30 katika mwaka witiri, ingawa hizo 30 huongezwa mara kwa mara. Schuyler VanValkenburg, mwalimu wa historia na uraia katika sekondari ya kaunti ya Henrico, alichaguliwa mwaka 2017 katika Baraza la Wawakilishi la jimbo (baraza la chini la bunge), akaendelea kufundisha nje ya vikao, na mwaka 2023 akapanda hadi Seneti ya jimbo (baraza la juu). Ujuzi wa siasa peke yake usingemwezesha kufanya hivyo Oklahoma. Nebraska nako mlango ulifungwa na mahakama: mwaka 1991 Mahakama ya Juu ya huko iliamua kwamba mhadhiri wa chuo cha jimbo hawezi kuwa seneta wakati huohuo, kwa kuwa katiba inatenganisha mihimili ya serikali. Nevada wamebishana juu ya hoja hiyohiyo mahakamani kwa miaka.

Kisha mshahara. Hapa wengi hukosea kwa kudhani kila mbunge wa Marekani analipwa kama wale wa Washington. New Hampshire ina wawakilishi 400, na kila mmoja hupata dola 200 kwa kipindi kizima cha miaka 2. Texas ni dola 600 kwa mwezi pamoja na posho ya siku za kikao. Virginia, Baraza la Wawakilishi, ni dola 17,640 kwa mwaka. New York, kwa upande mwingine, ilipanda hadi dola 142,000 mwaka 2023. Oklahoma, mbunge alikuwa akilipwa dola 38,400. Kamati ya malipo ikapunguza hadi dola 35,021 kuanzia Novemba 2018, mwezi uleule walimu waliochaguliwa baada ya mgomo wao wa mwaka huo walipoingia, na ikaja kupandisha hadi dola 47,500 miaka miwili baadaye. Basi mwalimu aketi na mwenzake wa nyumbani na kikokotoo: mshahara unaokatika, bima ya afya ya familia, na miaka ya pensheni ambayo haitahesabika. Mwenye miaka 3 tu kabla ya kustahili pensheni kamili, mara nyingi ni busara angoje uchaguzi unaofuata.

Mgomo nilioutaja ndio mfano unaosaidia zaidi. Walimu wa Oklahoma waliweka chaki chini tarehe 2 Aprili 2018, na chama chao kikatangaza kumaliza tarehe 12. Dirisha la kujiandikisha kugombea lilikuwa siku tatu tu, tarehe 11 hadi 13, katika jengo lilelile la bunge walilokuwa wamelijaza. Waliokwenda na fomu tayari waliingia. Waliosema "ngoja tuone mgomo utaishaje" walichelewa, kwa kuwa dirisha lilifungwa siku moja tu baada ya mgomo kumalizwa. Mchujo wa vyama ulikuwa tarehe 26 Juni na duru ya pili ya mchujo tarehe 28 Agosti. Walioshinda nao hawakuwa wote wageni wa siasa. John Waldron, mwalimu wa Tulsa, alishindwa kiti cha Seneti mwaka 2016 kabla ya kushinda kiti cha Baraza la Wawakilishi mwaka 2018. Jacob Rosecrants wa Norman naye alishindwa 2016, akashinda uchaguzi mdogo wa Septemba 2017. Kampeni ya kwanza huacha majina, namba za simu na watu wanaojua sura yako. Anayegombea mara ya pili haanzi na daftari tupu.

Makaratasi yenyewe si magumu, ila hayasamehe. Virginia, mgombea wa Baraza la Wawakilishi anahitaji saini 125 za wapiga kura wa eneo bunge lake. Wa Seneti, 250. Akusanye angalau mara moja na nusu ya hizo. Saini huanguka kwa sababu za kijinga: aliyesaini anaishi ng'ambo ya barabara iliyo eneo bunge jingine, amehama bila kubadilisha anwani katika daftari la wapiga kura, au ameandika sanduku la posta badala ya nyumba. Mwalimu anayekusanya saini kwenye mechi ya mpira wa shule hupata saini nyingi mbovu, kwani wazazi hutoka kila upande. Zilizo safi hupatikana kwa kutembea na orodha ya majina mtaa kwa mtaa.

Hapo ndipo lilipo kosa ambalo walimu hulifanya kuliko wagombea wengine wote. Mipaka ya shule si mipaka ya eneo bunge. Mtu amefundisha miaka 20, anasalimiwa kila duka, halafu anagundua kwamba nusu ya wazazi wanaompenda hawana kura yake, na pengine yeye mwenyewe anaishi nje ya eneo analolitaka. Achukue ramani ya eneo bunge, na awe ile iliyochorwa upya baada ya sensa ya 2020, ailaze juu ya ramani ya shule, ndipo ajue anajulikana na wapiga kura wangapi hasa.

Sasa hesabu. Oklahoma ina maeneo bunge 101 ya Baraza la Wawakilishi na watu karibu milioni 4, hivyo kila eneo lina watu kama 39,000. Tuchukue mfano wenye wapiga kura 22,000 walioandikishwa na nusu yao wakajitokeza: kura 11,000. Lengo ni 5,501, ongeza kidogo kwa usalama, iwe 5,800. Kwenye mchujo wa chama huenda wakapiga kura 3,000 tu, na 1,600 zikatosha. Mwaka 2018 huko Kentucky, Travis Brenda, mwalimu wa hisabati, alimwangusha kiongozi wa walio wengi katika Baraza la Wawakilishi kwenye mchujo wa Republican kwa tofauti ya kura 123. Katika maeneo mengi yanayotawaliwa na chama kimoja mchujo ndio uchaguzi, na Novemba ni kukamilisha ratiba.

Mtu mmoja kwa mguu hubisha milango 15 hadi 20 kwa saa, na mmoja kati ya mitatu au minne hufunguliwa. Likizo ya kiangazi ndiyo mali ya mwalimu ambayo mwanasheria au mfanyabiashara hana: wiki 8, siku 5 kwa wiki, saa 4 kila jioni, kwa milango 17 kwa saa, ni milango 2,720. Shule ikifunguliwa Agosti hesabu hiyo hufa, zinabaki jioni mbili za katikati ya wiki na Jumamosi. Kwa hiyo mitaa migumu na ya mbali imalizwe Julai, na ile ya jirani ndiyo iachiwe Oktoba. Ratiba ya masahihisho pia ipangwe. Insha za wanafunzi 120 zikitua wiki ya mwisho ya Oktoba, kampeni imepoteza jioni nne.

Mlangoni dakika tatu zinatosha. Walimu wana kasoro ya kufundisha: mtu anauliza kuhusu kodi, anapewa somo la fomula ya ugawaji fedha za elimu. Aulize kwanza, asikilize, aandike jibu kwenye orodha (anaunga mkono, hajaamua, anapinga), aendelee na safari. Na asiwe na wimbo mmoja. Shambani wataulizia hospitali iliyofungwa na barabara yenye mashimo, na mgombea anayejibu kila swali kwa "elimu" huonekana amekuja kuwatetea wenzake wa kazi tu. Walimu wa Kentucky walifanikiwa kwa sababu hoja yao ilieleweka hata na asiye mwalimu: Machi 2018 wabunge waliuchukua muswada wa maji taka, wakayatoa yaliyomo, wakajaza mabadiliko ya pensheni yenye kurasa 291, na kuupitisha ndani ya saa chache. Mahakama ya Juu ya jimbo iliitupa sheria hiyo Desemba mwaka huohuo. Habari ya maji taka haihitaji ubao.

Shuleni mgombea asiache hata alama ya kampeni. Barua pepe ya shule isitumike hata kwa sentensi moja, maana mpinzani anaweza kuiomba kisheria kama kumbukumbu ya umma. Mashine ya kunakili, orodha ya namba za wazazi, kipindi cha uraia: vyote marufuku. Wanafunzi anaowapa alama kwa sasa wasiombwe kujitolea, hata wakijipendekeza wenyewe. Waliokwisha kuhitimu ni halali, na mara nyingi ndio watembeaji bora. Mkuu wa shule apewe taarifa kwa maandishi kabla hajaisoma gazetini.

Fedha nitazipitia haraka. Akaunti ya benki ya peke yake na mweka hazina asiyeogopa tarehe za ripoti, kwa sababu faini za kuchelewa ni habari tamu kwa mpinzani. Marafiki wa mwalimu ni walimu, wana dola 20, si 2,000. Kwa hiyo majimbo yenye ruzuku ya umma kwa wagombea yanamfaa sana: Maine anayetaka Baraza la Wawakilishi huleta michango 60 ya dola 5 kutoka kwa wapiga kura wa eneo lake, Arizona ni 200, ndipo jimbo limgharamie. NEA, chama kikubwa cha walimu, kina mafunzo yaitwayo See Educators Run. Yanafaa hasa kwa sehemu ya kuomba pesa kwa simu, jambo ambalo walimu wengi wangelibadilisha na zamu ya bwalo.

Kwa wasomaji walioko huko: uraia wa kuandikishwa unatosha, si lazima kuzaliwa Marekani. Huldah Momanyi Hiltsley, mzaliwa wa Kenya, alishinda kiti cha Baraza la Wawakilishi la Minnesota Novemba 2024. Si mwalimu, lakini masharti ya huko ni yaleyale: miaka 21, mwaka mmoja katika jimbo, miezi 6 katika eneo bunge.

Uchaguzi kwa kawaida huwa Jumanne. Akishinda Oklahoma, barua ya kujiuzulu na mwalimu wa kumrithi vipangwe kabla hajaapishwa, darasa lisikae na vibarua hadi Mei. Akishindwa, Jumatano kabla ya saa mbili asubuhi yuko mbele ya darasa, na jioni anazunguka kung'oa mabango yake kando ya barabara. Akaunti ya kampeni bado inadai ripoti ya mwisho.