Nilianguka kazini Alhamisi, Ijumaa nikarudi

Kumbukumbu yangu ya Alhamisi ile inakatika nikiwa nimeshika kalamu. Inaunga tena nikiwa chali sakafuni, viatu vimevuliwa, mdomoni ladha ya damu, na sweta la mwenzangu limefungwa kiunoni mwangu. Sikuelewa sweta lile linafanya nini pale mpaka nilipogundua sketi yangu imelowa. Mlinzi alikuwa amepiga magoti pembeni. "Dada," akaniambia, "tulidhani umeshatutoka."

Nilikuwa na miaka 24, naandaa mishahara, na ulikuwa mwisho wa mwezi. Usiku uliotangulia nilikuwa nimekesha na hesabu, usingizi haukufika saa tatu. Hospitalini walinipima damu, sukari na kichwa, jioni wakaniruhusu na karatasi ya kliniki. Asubuhi yake nikaoga, nikavaa, nikaenda kazini. Mishahara ilitakiwa itoke Ijumaa. Ila nikisema ukweli, mishahara ilikuwa kisingizio. Nilitaka watu wanione natembea, wasibaki na ile picha ya sakafuni.

Kufikia saa nane mchana nilikuwa nimeidhinisha malipo ya idara nzima mara mbili.

Bosi alikuja mezani kwangu na karatasi mbili zinazofanana, akaziweka bila kusema neno. Nilizitazama na bado sikuona kosa liko wapi. Hapo ndipo nilipoogopa kweli, kuliko hata nilipoambiwa nimeanguka.

Kilichoniangusha, nilikuja kuambiwa baadaye, ni kifafa. Mtukutiko wake wa mwili mzima kwa kawaida huisha ndani ya dakika mbili tatu. Ni mfupi, lakini katika dakika hizo seli za ubongo zinarusha umeme kwa pamoja bila mpangilio, na misuli inakaza na kuachia kwa nguvu ambayo huna ukiwa na akili zako. Ndiyo maana kesho yake niliamka kama niliyebeba magunia usiku kucha: mapaja, mgongo, taya. Ulimi ulikuwa na kidonda ubavuni. Maumivu ya namna hiyo hupungua kila siku. Yasiyopungua, hasa ya bega au uti wa mgongo, yarudishe hospitalini, kwa sababu mkazo ule unaweza kuteguza bega au kuvunja pingili. Na wapo wanaoamka mkono au mguu wa upande mmoja hauna nguvu kabisa. Daktari Robert Bentley Todd aliieleza hali hiyo mwaka 1849, na huwa inapita yenyewe, kwa saa chache au siku moja mbili. Lakini ikikutokea mara ya kwanza usikae nyumbani kuisubiri ipite. Kiharusi nacho huja na sura hiyohiyo.

Kichwa ndicho kinachodanganya. Unaitika salamu, unajua jina lako, unajua leo siku gani, basi kila mtu anaamini umerudi, na wewe mwenyewe unaamini. Ijumaa ile nilikuwa nasoma namba vizuri tu. Nilichoshindwa ni kukumbuka kwamba nimeshaisoma. Kwangu ukungu huo uliondoka siku ya nne. Wengine huwachukua saa chache, wengine wiki. Sasa nina kipimo changu cha nyumbani: nasoma ukurasa mmoja wa kitu chochote, naufunga, namsimulia mtu. Nikianza kukwama katikati, siendi kazini, hata kama miguu inaniambia niende.

Kwa hiyo usitoke hospitalini bila barua ya mapumziko. Wewe mwenyewe hutakumbuka kuiomba, utakuwa unasinzia. Mwambie mapema mtu wako wa karibu kwamba hiyo ni kazi yake.

Wiki mbili baadaye nilikaa mbele ya daktari bingwa wa mishipa ya fahamu, nikitegemea maswali makubwa. Akaniuliza, "Asubuhi ukiamka, vitu hukuponyoka mikononi?" Nilicheka. Nyumbani nilikuwa na sifa ya kuvunja vikombe. Tangu sekondari mikono yangu hushtuka asubuhi, hasa nikiwa nimekesha, na kila mtu, mimi nikiwemo, aliamini ni uzembe. Kumbe mishtuko ile ilikuwa kifafa tayari, aina inayoanza ujanani na inayochokozwa mno na kukosa usingizi. Miaka minane nasemwa kwa ajili ya vikombe!

Nimelisimulia hilo kwa sababu watu wengi huenda kliniki na habari ya kuanguka tu. Peleka na vile vitu vidogo: kushtuka, kupotea kimawazo katikati ya sentensi, harufu isiyokuwepo, hisia kwamba tukio hili limeshawahi kutokea. Nenda pia na aliyeshuhudia, maana wewe hukuwepo. Kwangu mimi kulikuwa na jambo la aibu lililogeuka msaada. Kijana mmoja wa ofisini alikuwa amenirekodi kwa simu. Nilipopata habari nilitaka kumrarua. Mwenzangu, yule mwenye sweta, akanituliza: "Mwambie akutumie, kisha aifute mbele yako. Mpelekee daktari." Daktari aliitazama video ile mara tatu, akaniambia imemweleza mengi kuliko picha ya kichwa. Kijana bado namdai msamaha, lakini video ninayo.

Kipimo cha mawimbi ya ubongo nilifanyiwa, kikaonyesha dalili za kifafa. Chako kikitoka safi usidhani umepona au umezusha. Kinanasa kipande kifupi tu cha siku yako. Na kuanguka mara moja hakukupi jina la kifafa papo hapo. Sukari ikishuka sana, au mnywaji akiacha pombe ghafla, mtu anaweza kutukutika bila kuwa na kifafa. Kwa kawaida madaktari hulitaja jina hilo baada ya mitukutiko miwili isiyo na chanzo cha papo kwa papo, iliyopishana kwa zaidi ya saa 24, au mmoja ikiwa vipimo vinaonyesha uwezekano mkubwa wa kurudia.

Nilianzishiwa levetirasetamu, dawa ya kifafa. Ilizuia mishtuko ya asubuhi ndani ya wiki chache, ila ikanipa hasira ambazo si zangu. Nilimfokea dada wa mapokezi kwa sababu ya stepla. Stepla! Nilidhani ni msongo wa kazi mpaka niliposoma karatasi ya ndani ya boksi. Nikamweleza daktari, akapunguza dozi, kisha akaipandisha polepole. Dawa nyingine za kifafa nazo zina yao: wengine fenobabitoni huwasinzisha mchana kutwa, wengine kabamazepini huwapa kizunguzungu. Mwanamke anayeweza kushika mimba akiandikiwa valproati aulize maswali yote, kwa kuwa inaweza kumdhuru mtoto tumboni. Yote hayo yanazungumzika. Kosa ni kuacha dawa mwenyewe kimyakimya, maana kuikatisha ghafla kunaweza kuleta mitukutiko inayofuatana bila kukoma. Shirika la Afya Duniani linasema hadi asilimia 70 ya wenye kifafa wangeweza kuishi bila kuanguka kama wangepata uchunguzi na matibabu yanayofaa. Mimi simu yangu hulia saa mbili asubuhi na saa mbili usiku, na kwenye droo ya ofisi nina vidonge vya siku mbili kwa ajili ya siku ninayosahau mkoba.

Sasa, kurudi kwenyewe.

Mara ya pili nilirudi kwa masharti. Nusu siku kwa wiki mbili za kwanza, mchana tu, niweze kulala asubuhi. Malipo yoyote niliyoandaa, mtu wa pili aliyapitia kabla hayajatoka. Mwisho wa mwezi nikaondolewa kukesha. Kazi ile ikaanza siku tatu mapema, na hakuna aliyekufa. Ajabu ni kwamba sharti lililonisumbua zaidi ni hilo la kukaguliwa. Lilinikera kama mtoto anayekaguliwa daftari. Katika wiki hizo mbili mkaguzi alinikamata makosa manne.

Kama kazi yako si ya mezani, masharti hayawezi kuwa mepesi namna hiyo. Ngazi na mapaa, mashine zenye meno, moto, maji ya kina, zamu ya usiku peke yako: vyote hivyo visubiri neno la daktari, si la bosi wala lako. Kuendesha gari vilevile. Kila nchi ina muda wake wa kukaa bila kuanguka kabla hujashika usukani tena, uulize wa kwenu na uufuate hata kama hakuna anayekuangalia. Kompyuta nilidhani ndiyo adui, kumbe ni watu wachache tu, kama watatu katika kila wenye kifafa mia, ambao mwanga unaowaka na kuzima harakaharaka huwaangusha.

Kuwaambia au kutowaambia kazini? Mimi sikuwa na la kuchagua, walishaona. Kama hawakuona, pima: kazi yako inaweza kukuumiza wewe au mwingine ukianguka? Basi wanaokusimamia wajue. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, wa mwaka 2006, katika ibara ya 27 unakataza ubaguzi kazini na unataka mwajiri afanye marekebisho yanayofaa, na nchi nyingi zimeuridhia. Lakini karatasi ya sheria haikai nawe mezani. Chukua pia barua ya daktari inayotaja unachoweza kufanya na usichoweza kwa sasa, kwa maneno ya kawaida. Maneno "apewe kazi nyepesi" hayamsaidii mtu. "Asipande ngazi kwa miezi mitatu, asifanye zamu za usiku" yanasaidia.

Wenzangu nao walikuwa wanaumwa, kwa namna yao. Walinitazama kila nilipoangusha kalamu. Mazungumzo yalikatika nikiingia. Nilichukia sana, nikadhani ni unyanyapaa, na kwa mmoja wawili kweli ulikuwa unyanyapaa. Kuna aliyeacha kutumia kikombe nilichogusa, wakati kifafa hakiambukizi kwa mate, kwa povu wala kwa chochote. Lakini wengi walikuwa na hofu ya mtu asiyejua afanye nini ikitokea tena. Siku ile walinibana mikono, wakanisukumia kijiko katikati ya meno. Kijiko kilinikata kipande cha jino la mbele. Walikuwa wanajaribu kuniokoa.

Basi nikaandika ukurasa mmoja, nikaubandika ndani ya mlango wa kabati letu. Uliandikwa hivi: "Nikianguka, angalieni saa. Ondoeni viti na vyenye ncha. Wekeni kitu laini chini ya kichwa, legezeni nguo shingoni. Msinishike kwa nguvu. Msiniwekee chochote mdomoni, ulimi haumezwi. Nikiacha kutukutika nilazeni ubavu. Zikipita dakika tano, au nikianza tena kabla sijaamka, au nimeumia, iteni gari la wagonjwa. Msininyweshe maji mpaka niongee vizuri. Mmoja abaki nami, wengine watoke. Nifunikeni kiunoni." Chini yake namba ya dada yangu.

Mstari wa mwisho kuhusu kufunika ulinigharimu siku mbili kuuandika. Ndio uliobadilisha ofisi. Mtu mzima akikubali hadharani kwamba anaweza kujikojolea, wenzake hawabaki na cha kunong'ona.

Ile hofu yako mwenyewe je? Miezi mitatu ya mwanzo kila nilipopiga chafya nilishika meza. Nilikuwa naoga mlango haujafungwa kwa komeo (huo ni ushauri mzuri, nimeuendeleza), lakini pia niliacha kutoka, nikaacha kupokea simu. Daktari alipouliza kuhusu usingizi, nikajikuta nalia. Huzuni ya kudumu ni ya kawaida kwa wenye kifafa, nayo ina matibabu yake. Itaje kliniki kama unavyotaja kuanguka. Kilichonipunguzia hofu ni daftari. Naandika tarehe, saa nilizolala, dawa, siku za hedhi, mishtuko. Baada ya muda niliona kwamba kifafa hakiniji ovyo. Kinakuja nikikesha.

Nilianguka tena ofisini miezi 14 baadaye, baada ya usiku wa kuuguza mtoto wa dada yangu. Nilipofumbua macho nilikuwa nimelala ubavu, sweta kiunoni, chumba kina mtu mmoja. Ni yule kijana wa video. Alikuwa ameandika kwa kalamu kiganjani mwake: "4:12 – 4:14." Akanionyesha kabla sijauliza. Nikapelekwa nyumbani, nikalala siku mbili. Siku ya tatu nilisoma ukurasa, nikamsimulia dada, akaniambia nimeruka katikati. Mishahara ikaandaliwa na mwingine. Nilirudi Jumatatu.