Uliza Kabla Sindano Haijaingia

Dada yangu alipotolewa sampuli ya uvimbe wa titi hapa Kisumu, mimi ndiye niliyekipeleka kichupa maabara. Nilikipakata kwenye matatu kutoka Kondele, vipande vitatu vyembamba kama tambi vikielea ndani ya fomalini, maji ya dawa ya kuhifadhi nyama isioze.

Wiki tatu baadaye mpwa wangu akanitumia habari za oganoidi. Seli hai za uvimbe wa mgonjwa hulelewa kwenye jeli yenye virutubisho hadi zifanye vivimbe vidogo, kisha dawa zinajaribiwa juu yake. Chanzo chake ni kazi ya Toshiro Sato na Hans Clevers huko Uholanzi, waliootesha utumbo wa panya kutokana na seli shina moja, yaani seli inayoweza kuzaa seli za aina nyingine, mwaka 2009. Mwaka 2018 watafiti wa London walijaribu kwa saratani za tumbo na utumbo zilizosambaa: dawa iliyoshindwa kwenye oganoidi ilishindwa na kwa mgonjwa, iliyofanya kazi, ilimfaa mgonjwa karibu mara 9 kati ya 10. Nilisoma usiku kucha, moyo ukidunda.

Asubuhi nikamuuliza daktari mwingine kama sampuli ya dada ingeoteshwa. Akanieleza kwa upole kwamba fomalini huua seli. Oganoidi hutaka nyama mbichi, iliyohifadhiwa kwa baridi na kufikishwa maabara upesi, na si kila uvimbe hukubali kuota. Halafu akauliza: "Vipokezi vimepimwa?" Hizo ni protini za seli za uvimbe zinazopokea ishara za kukua, na ndizo huonyesha dawa ipi itafaa.

Havikuwa vimepimwa. Ripoti ilisema saratani, basi, na tulikotibiwa kwanza hakuna aliyeagiza. Wiki tatu zilikuwa zimepotea. Roho iliniuma, na bado inaniuma.

Kumbe vile vipande vilivyokufa vilikuwa na mengi ya kusema. Maabara ilikuwa imevigandisha ndani ya nta. Wakakata tena, wakapima: vipokezi vya homoni ya estrojeni vipo, HER2, kipokezi cha aina nyingine, hakuna. Ndipo tamoksifeni, dawa inayozuia vipokezi vya estrojeni, ikaingia kwenye matibabu yake.

Kwa hiyo uliza mapema: sampuli itapimwa nini? Vipokezi vimo kwenye fomu? Kama kuna utafiti unaohitaji nyama mbichi, swali hilo ni la kabla ya fomalini. Lakini usicheleweshe kemo kwa kungoja oganoidi. Kuziotesha tu huchukua wiki kadhaa.

Na kile kipande cha nta, kiulizie. Tulipohamishiwa Eldoret ndicho walichotaka kwanza. Nilikifunga kwa karatasi, nikakikalisha kwenye mkoba, upande usio na jua.