Maswali ya Wasomaji: Ninunue Msumeno Upi, na Mti Niuangusheje?

SWALI: Mwalimu, pokea salamu kutoka Zombo, Uganda. Marehemu baba alituachia shamba la mikaratusi na misonobari, na mwaka huu familia imekubaliana tuanze kuvuna. Najifunza kuangusha miti kwa mzee mmoja aliyefanya kazi hiyo kwa muda mrefu katika msitu wa Lendu. Shemeji yangu anataka kuniuzia pawasoo (msumeno wa mnyororo) yake ya zamani, kubwa na nzito, isiyo na breki ya mnyororo, ambayo anasema imempasulia mbao miaka yote bila kumsumbua. Kwa fedha zinazokaribiana na hizo nimeona dukani Arua msumeno mpya wa wastani, lakini shemeji anaucheka kwamba ni wa kukatia kuni. Miti yetu mingi ina kipenyo cha sentimita 25 hadi 40. Ninunue upi?

JIBU: Ndugu yangu, usiununue msumeno wa shemeji. Mwenyewe hakudanganyi, kwa maana mashine kubwa za namna hiyo ni hodari kweli katika kupasua magogo, na ndiyo sababu zimeenea sana kwa wapasua mbao wetu. Tatizo ni hiyo breki isiyokuwapo. Robo ya juu ya ncha ya baa, yaani ya kile chuma bapa kinachozungukwa na mnyororo, ikigusa gogo au tawi wakati mnyororo unakwenda kasi, msumeno wote huruka juu na nyuma kuelekea uso na shingo ya aliyeushika, tena upesi kuliko mtu anavyoweza kujihami. Katika mashine iliyokamilika, mrusho huo huisukuma kinga iliyo mbele ya mkono wa kushoto, breki ikashika, na mnyororo ambao ulikuwa ukipita mita 20 hivi kwa sekunde ukasimama papo hapo. Fundi mzoefu aliyeepukana na ajali hiyo kwa miaka mingi ana mazoea ya mikono ambayo wewe, kama mwanafunzi, huna bado.

Sasa tulinganishe mashine zenyewe. Kwa miti ya sentimita 25 hadi 40, msumeno wenye injini ya sentimita za ujazo 45 hadi 55 unatosha kabisa. Stihl MS 250, kwa mfano, ina sentimita za ujazo 45.4 na nguvu ya kilowati 2.3, na uzito wake bila mafuta, baa wala mnyororo ni kilo 4.6, ukiifunga baa ya sentimita 40 unaweza kuangusha karibu kila mti wa shamba lako. Ukipanda daraja unakuta Stihl MS 381 yenye sentimita za ujazo 72.2, kilowati 3.9 na kilo 6.6, na jirani yake Husqvarna 372 XP yenye sentimita za ujazo 70.7. Hizi ni mashine za wavunaji wanaoshinda msituni mchana kutwa wakikata miti minene, na tofauti ya kilo mbili, ambayo dukani huihisi, saa nane mchana huigeuza mikono kuwa mizito na macho kuwa mazembe. Misumeno midogo ya sentimita za ujazo 30 hivi iache kwa kupogoa na kukata kuni, na ya betri vilevile, kwa sababu kijijini mahali pa kuchaji ni taabu.

Kuhusu jina la kampuni sina ushabiki. Kati ya mashine mbili nzuri, nunua ile ambayo vipuri vyake na fundi wake wapo Arua au Nebbi, kwa kuwa msumeno mzuri unaosubiri plagi au klachi kutoka Kampala haukati kitu. Jihadhari na nakala za kuiga, ambazo hufanana na zenyewe kwa rangi na maandishi. Kabla ya kulipa, omba uwashiwe msumeno na uukague: injini ikiwa inanguruma polepole, mnyororo usizunguke, akseleta isikubali kubonyezwa mpaka kitufe cha usalama cha juu ya mpini kishikwe, na kinga ya mbele ikisukumwa wakati mnyororo unazunguka, mnyororo usimame mara moja. Tazama pia kama kipo kile kidude cha chini karibu na klachi kinachoudaka mnyororo ukikatika, na kama mipira ya kupunguza mtetemo ni mizima. Muuzaji anayekataa majaribio hayo amekwisha kukujibu.

Fedha utakazookoa kwa kutonunua mashine kubwa za daraja la juu, zitumie kununua kinga. Unahitaji kofia ngumu yenye wavu wa uso na vifunika masikio, kwa sababu kelele ya msumeno hupita desibeli 100, buti zenye chuma kwenye vidole, glavu, na zaidi ya vyote, suruali ya kinga. Ndani ya suruali hiyo kuna nyuzi ndefu ambazo mnyororo ukizigusa huzivuta, zikajisokota kwenye gia na kuukwamisha kabla haujafika kwenye nyama ya paja. Naiweka mbele kwa sababu mguu wa kushoto ndio ulio karibu na mnyororo muda mwingi wa kazi. Ovaroli ya kawaida, hata iwe nene namna gani, haifanyi kazi hiyo.

Baada ya hapo ndipo tunafika kwenye mti. Wanafunzi wengi hutamani kuwasha mashine mara tu wanapofika shinani, ilhali kazi kubwa hufanywa kabla ya kuwasha. Uzunguke mti wote ukitazama juu: umeinamia upande gani, matawi mengi yako wapi, kuna tawi kavu linaloning'inia, kuna uozo shinani, upepo unavuma kutoka wapi, na mti utakapolala utagusa nini. Mtu yeyote asiyehusika na kazi awe mbali kwa angalau mara mbili ya urefu wa mti. Mkaratusi wa mita 25 unataka mita 50 za uwazi, na watoto wanaokuja kuokota vijiti wahesabiwe kabla na baada. Fyeka vichaka shinani, kisha safisha njia mbili za kukimbilia, kila moja ikielekea nyuma kwa mshazari, nyuzi 45 hivi kutoka kwenye mstari wa nyuma wa mwanguko, moja kulia na moja kushoto. Usikimbilie nyuma moja kwa moja, kwa sababu shina linaweza kuruka upande huo.

Mkato wa kwanza huwa upande unaotaka mti uangukie. Kata kinywa, yaani pengo lenye umbo la kabari, chenye uwazi wa nyuzi 45 au zaidi (mimi hupendelea 60 au 70, ili mti uongozwe kwa muda mrefu zaidi unapoanguka), na kina chake kisizidi robo ya kipenyo. Mikato miwili ya kinywa ikutane barabara kwenye mstari mmoja. Mkato mmoja ukipita mwenzake, umekwisha kula sehemu ya bawaba bila kujua. Bawaba ndiyo kiini cha kazi yote: ni ule ukanda wa mti usiokatwa, ulio kati ya kinywa na mkato wa nyuma, ambao huushikilia mti na kuugeuza polepole kuelekea ulikokusudia, kama vile mlango unavyozunguka bila kung'oka. Unene wake uwe sehemu moja ya kumi ya kipenyo. Kwa mti wa sentimita 40, basi, kinywa kiwe na kina cha sentimita 8 hadi 10, na bawaba iwe na unene wa sentimita 4, ulio sawa kutoka upande hadi upande. Ukiikata bawaba yote, mti huamua wenyewe pa kwenda.

Mkato wa nyuma uanze sentimita mbili au tatu juu ya mstari wa kinywa, ukienda mlalo. Mara nafasi inaporuhusu, pigilia kabari ya plastiki au ya mti mgumu nyuma ya baa, ili mti usirudi kukaa juu ya msumeno. Kabari ya chuma au bapa la shoka usiitumie, kwani mnyororo ukiigusa utaharibika na vipande vitaruka. Mti unapoanza kusogea, sukuma kinga ya mbele ili breki ishike, jiondoe kwa njia uliyoisafisha, na uendelee kutazama juu mpaka matawi yote yatulie.

Mkaratusi unataka neno lake peke yake. Mti huu hukua ukiwa na mkazo mkubwa ndani ya shina, na ukiwa umeinama sana, ukaukata kutoka nyuma kwa mtindo wa kawaida, unaweza kupasuka wima kabla mkato haujakamilika, nusu ya shina ikaruka nyuma na juu kwa nguvu za kuua. Mafundi hushughulikia miti ya namna hiyo kwa kutoboa katikati ya shina kwa ncha ya baa, wakaitengeneza bawaba kwanza na kuacha kipande cha nyuma kikishikilia mpaka mwisho. Kwa kuwa utoboaji huo huitumia ncha ileile inayosababisha mrusho, usijifundishe peke yako. Anza na misonobari iliyosimama wima, na mikaratusi iliyoinama umwachie mzee wako wa Lendu mpaka yeye mwenyewe akuambie uko tayari. Kwa mafunzo rasmi, uliza Chuo cha Misitu cha Nyabyeya kilichoko Masindi au chama cha wakuza mbao cha UTGA. Kabla ya mti wa kwanza kuanguka, mwone pia afisa misitu wa wilaya kuhusu vibali vya kuvuna na kusafirisha mbao.

Kuhusu kupasua, ambako shemeji anakujia juu, nina maoni yangu: kila mkato wa msumeno wa mnyororo hula karibu sentimita moja ya mti, na katika gogo la sentimita 35 hasara hiyo ni mbao kadhaa. Angusha kwa msumeno wako, kisha umtafute mwenye mashine ya kupasulia.

SWALI: Mwalimu, mimi ni mama mwenye shamba karibu na Masindi. Vijana niliowapa kibarua wamekata mti wa msizi, nao badala ya kuanguka umenasa juu ya mwembe. Kijana mmoja anataka kupanda akate matawi, mwingine anasema tukate mwembe. Ipi ni salama?

JIBU: Mama yangu, hakuna iliyo salama kati ya hizo. Ukiukata mwembe, miti miwili itaanguka pamoja juu ya mkataji, na anayepanda anapanda juu ya kitu kinachoweza kuteleza wakati wowote. Wasidiriki pia kuangusha mti wa tatu juu ya huo ulionasa, wala kuukatakata shina vipande vipande huku ukiwa umeegemea. Leo hii waondoe watu na mbuzi, weka alama zinazoonekana, na asipite mtu chini yake hata kwa njia ya mkato.

Kama msizi ni mwembamba na bado umeshikwa na bawaba kwenye kisiki, mtu mwenye ujuzi anaweza kupunguza bawaba kwa uangalifu, kisha akauzungusha kwa wenzo mrefu mpaka ujitoe kwenye matawi. Ukiwa mnene, njia ni kuuvuta shina lake kuelekea nyuma, mbali na mwembe, kwa trekta au winchi, kamba au waya ikiwa ndefu kuliko mti wenyewe na watu wote wakiwa nje ya mstari wa kamba, kwa sababu kamba ikikatika hurudi kwa nguvu. Kama huna vifaa hivyo, subiri mpaka uvipate.

Na kwa kuwa umewaajiri wewe, Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2006 inakutaka uwape vifaa vya kinga bila kuwakata malipo yao. Waulize walikuwa wamevaa nini siku hiyo.

SWALI: Fundi wa Bombo aniambia nichanganye petroli na oili yoyote ya injini, "kwa macho tu". Je, ni sawa?

JIBU: Si sawa. Tumia oili ya injini za mipigo miwili pekee. Ile ya gari au ya bodaboda za siku hizi haikutengenezwa iungue pamoja na petroli. Kwa oili bora inayopendekezwa na mtengenezaji, kipimo ni 1 kwa 50, yaani mililita 20 kwa kila lita, au 100 kwa lita tano. Kwa oili ya kawaida ya mipigo miwili, Stihl hushauri 1 kwa 25, yaani mililita 40 kwa lita. Pima kwa chombo chenye alama, na usichanganye mafuta mengi kuliko utakayotumia kwa mwezi mmoja. Tangi la pili ni la oili ya mnyororo. Wengi humimina humo oili chakavu ya gari, nayo huwa na vumbi la chuma linaloziba pampu na hurukia ngozi ya mtumiaji. Jaza mafuta injini ikiwa imepoa, kisha usogee mita tatu au zaidi kutoka ulipojazia kabla ya kuwasha.