Waasisi wa Marekani: Biblia au falsafa?

Swali: Ninafundisha historia sekondari. Vitabu vingine vinadai Marekani ilijengwa juu ya Biblia, vingine kwamba waasisi wake walikuwa wanafalsafa wasiojali dini. Niwaeleze nini wanafunzi?

Jibu: Mwalimu, madai yote mawili yanawachukulia waasisi kana kwamba walikuwa na imani moja, jambo ambalo halikuwapo. Afadhali uulize kila andiko liliandikwa na nani na lilipita mikononi mwa akina nani kabla ya kupitishwa.

Tazama Azimio la Uhuru la 1776. Thomas Jefferson, aliyeandika rasimu, aliamini Muumba ambaye kanuni zake hutambulika kwa akili, ndiyo maana alitaja sheria za maumbile na Mungu wa maumbile. Na hoja yake kwamba serikali hupata mamlaka kutokana na ridhaa ya wanaotawaliwa inafuata kwa karibu mawazo ya John Locke wa Uingereza. Rasimu ilipojadiliwa, wajumbe wa makoloni ndio walioongeza, katika aya ya mwisho, kumwomba Hakimu Mkuu wa ulimwengu awe shahidi wa nia yao njema, na kutegemea ulinzi wa Mungu. Maneno hayo yana sauti ya mimbari kuliko ya Jefferson, ambaye uzeeni alikata kwa wembe kurasa za Injili, akabandika mafundisho ya Yesu na kuacha miujiza na ufufuo.

James Madison, mmoja wa waandishi wakuu wa Katiba ya Marekani, ni mfano mgumu zaidi, na kwa maoni yangu wenye faida kubwa darasani. Katika chuo cha Princeton alifundishwa na John Witherspoon, mchungaji wa Kipresbiteri kutoka Uskoti. Mwaka 1788 Madison alipoandika kwamba kama watu wangekuwa malaika serikali isingehitajika, ni vigumu kutosikia humo fundisho la Kalvini, mwanamageuzi wa kanisa ambaye Wapresbiteri humfuata, kuhusu udhaifu wa binadamu, ingawa katika suala la mgawanyo wa mamlaka mwalimu wake mkuu alikuwa Montesquieu wa Ufaransa.

Pande hizo mbili, ya dini na ya falsafa, zilikutana katika jimbo la Virginia. Patrick Henry, mwanasiasa wa huko, alipotaka kodi ya kuwalipa walimu wa dini ya Kikristo, Madison aliandika waraka wa kuipinga mwaka 1785, na Wabaptisti, ambao baadhi ya wahubiri wao walikuwa wamefungwa jela kwa kuhubiri bila kibali, wakaipinga pia. Wanafalsafa walihofia kanisa kuingia serikalini. Wabaptisti walihofia serikali kuingia kanisani. Kodi ikashindwa, na mwaka 1786 sheria ya Jefferson ya uhuru wa dini ikapitishwa.

Katiba ya 1787 ilikataza kumpima mtu kwa dini yake ili ashike wadhifa wa serikali ya shirikisho. Hata hivyo, Marekebisho ya Kwanza ya Katiba hiyo ya 1791, yaliyokataza kuanzisha dini rasmi, yalilibana Bunge la shirikisho peke yake, wala si majimbo: Massachusetts iliendelea kutumia kodi kugharimia makanisa hadi 1833.